Usiulize toleo, uliza uwezo: soketi salama kwenye Python za zamani

Kompyuta za Dodoma hazina umri mmoja. Mtumba, kwenye mji wa serikali, utakuta seva iliyotolewa kwenye boksi juzi ikiwa na Ubuntu mpya. Fuata barabara ya Morogoro hadi Kibaigwa, na kompyuta inayopokea uzito wa magunia kutoka kwenye mizani bado inaendesha Windows 7, haiguswi na mtu, kwa sababu aliyeandika programu yake hapokei tena simu. Geuka upande wa Singida hadi Manyoni, kuna duka la jumla lenye CentOS 7 chini ya meza ya keshia. Zote zinatakiwa kutuma taarifa kwenye seva moja kwa soketi ya TLS, yaani muunganisho wa mtandao uliosimbwa. Skripti ni moja, Python ni tatu.

Anayeandika skripti hiyo kwa kawaida huanza na `sys.version_info`: kama ni toleo fulani na kuendelea fanya hivi, vinginevyo fanya vile. Hapo ndipo anapojifunga. Namba ya Python haisemi ukweli wote kuhusu TLS. Mfano mzuri ni hiyo CentOS 7. Python yake ni 2.7.5, toleo la 2013. `SSLContext`, kitu kinachobeba mipangilio ya TLS, kwa upande wa Python 2 iliingia rasmi kwenye 2.7.9, Desemba 2014. Ukisoma namba tu utasema mashine ya Manyoni haina. Inayo, maana Red Hat, ambao CentOS 7 ilijengwa kutoka msimbo wao, walichukua viraka vya 2.7.9 wakavishonea kwenye 2.7.5 yao bila kubadili namba. Kinyume chake pia kipo: mtu amejenga Python 3.6 kwa mkono juu ya Linux kongwe yenye OpenSSL 1.0.0, maktaba inayoifanyia Python kazi ya TLS. Namba inavutia, lakini TLS 1.2 hapati, kwa sababu TLS 1.2 ilianza na OpenSSL 1.0.1 ya Machi 2012.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wowote, ihoji mashine yenyewe:

```
import sys, ssl
print(sys.version)
print(ssl.OPENSSL_VERSION)
print(getattr(ssl, "HAS_SNI", False))
print(hasattr(ssl, "SSLContext"))
print(hasattr(ssl, "create_default_context"))
```

Mstari wa pili una uzito kuliko wa kwanza. Ukisoma 0.9.8 au 1.0.0, acha kuhangaika na msimbo: Python hiyo inaishia TLS 1.0, na hakuna mstari wa msimbo utakaoiongezea. Angalizo moja: amri ya `openssl version` kwenye terminal inaweza kukupa jibu tofauti na Python, hasa Windows, ambako Python huja na OpenSSL yake ndani ya kifurushi. Matoleo ya mwanzo ya 2.7 kwa Windows yalikuja na 0.9.8. Kinachohusu skripti yako ni kile Python inachosema.

Na kabla hujaikubali Windows 7 kama kisingizio, kumbuka Python 3.8 inapanda juu yake. Toleo la mwisho la 3.8 lenye kisakinishi cha Windows ni 3.8.10, na linakuja na OpenSSL 1.1.1, maana yake TLS 1.3 ndani ya Windows 7. Linataka Service Pack 1 na masasisho kadhaa. Likilalamika kuhusu faili la `api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll`, linakosa sasisho KB2999226. Windows XP inaishia Python 3.4, ambayo nayo bado ina `SSLContext`.

Faili moja, si vipande kila mahali

Tofauti zote za matoleo ziishi kwenye faili moja, na programu nyingine yote isijue kama kuna Python 2 duniani. Hili ndilo faili lenyewe:

```
# -*- coding: utf-8 -*-
import socket
import ssl

MAKOSA_YA_TLS = (ssl.SSLError,
                 getattr(ssl, "CertificateError", ssl.SSLError))

def andaa(vyeti):
    if hasattr(ssl, "create_default_context"):
        ctx = ssl.create_default_context(cafile=vyeti)
    elif hasattr(ssl, "SSLContext"):
        ctx = ssl.SSLContext(ssl.PROTOCOL_SSLv23)
        ctx.verify_mode = ssl.CERT_REQUIRED
        ctx.load_verify_locations(vyeti)
    else:
        raise RuntimeError("Python hii haina SSLContext, tumia stunnel")

    if hasattr(ssl, "TLSVersion") and hasattr(ctx, "minimum_version"):
        ctx.minimum_version = ssl.TLSVersion.TLSv1_2
    else:
        for jina in ("OP_NO_SSLv2", "OP_NO_SSLv3",
                     "OP_NO_TLSv1", "OP_NO_TLSv1_1"):
            ctx.options |= getattr(ssl, jina, 0)

    if hasattr(ctx, "verify_flags"):
        ctx.verify_flags |= getattr(ssl, "VERIFY_X509_TRUSTED_FIRST", 0)
    return ctx

def unganisha(seva, poti, ctx, muda=30):
    s = socket.create_connection((seva, poti), muda)
    try:
        s = ctx.wrap_socket(s, server_hostname=seva)
        if not getattr(ctx, "check_hostname", False):
            ssl.match_hostname(s.getpeercert(), seva)
        return s
    except Exception:
        s.close()
        raise
```

Tawi la kwanza linazihudumia Python 3.4 na kuendelea, 2.7.9 na kuendelea, pamoja na 2.7.5 ya Red Hat iliyosasishwa. Tawi la pili ni la 3.2 na 3.3 tu. Walio nje ya matawi hayo, yaani 2.6 na 2.7 za kabla ya 2.7.9 ambazo hazikushonewa viraka, wanakataliwa waziwazi. Najua kuna `ssl.wrap_socket` ya tangu 2.6, na kuna kifurushi cha `backports.ssl_match_hostname`, na watu wameishi hivyo miaka. Lakini njia hiyo haina SNI, yaani mteja hataji jina la seva anayoitafuta mwanzoni mwa mazungumzo. Seva yenye tovuti kumi kwenye anwani moja ya IP haitajua akuonyeshe cheti kipi, itakupa cha kwanza kwenye orodha, nawe utakikataa kwa sababu jina halifanani. Seva nyingine zinafunga muunganisho hapohapo. Na `ssl.wrap_socket` yenyewe ilifutwa kabisa kwenye Python 3.12, sawa na `ssl.match_hostname`. Ndiyo maana kwenye faili letu `match_hostname` inaitwa pale tu `check_hostname` haipo: Python mpya haiufikii mstari huo, hivyo haujali kama fankisheni imefutwa.

Hilo jina `PROTOCOL_SSLv23` linawatisha wengi, na lina haki ya kutisha, lakini maana yake halisi ni "kubalianeni toleo la juu kabisa mnaloliweza wote wawili." Kwenye 3.6 na 2.7.13 likapewa jina la heshima, `PROTOCOL_TLS`. Linaloumiza ni `PROTOCOL_TLSv1`. Oktoba 2014, udhaifu wa POODLE ulipotangazwa, ushauri uliosambaa ulikuwa kuachana na SSL 3, na watu wakaandika `ssl_version=ssl.PROTOCOL_TLSv1` wakidhani wanasema "TLS 1 na kuendelea." Kumbe inasema TLS 1.0 peke yake, si chini wala juu. Machi 2021 waraka wa RFC 8996 ukaistaafisha TLS 1.0 pamoja na 1.1, seva zikazifunga, na skripti zilizokuwa zinafanya kazi vizuri zikakatika ingawa OpenSSL iliyo chini yake inaijua TLS 1.2. Ukirithi msimbo wa mtu, neno la kwanza la kutafuta ndani yake ni hilo.

Ile sehemu ya `minimum_version` ipo tangu 3.7, na inaonekana tu kama Python ilijengwa na OpenSSL ya familia ya 1.1.0 au mpya zaidi. Kwa hiyo tunauliza vyote viwili. Kwenye Python 3.10 na kuendelea TLS 1.2 ndiyo kiwango cha chini hata usipotamka, ila kutamka hakugharimu kitu.

Kuhusu jina la seva: kuweka `CERT_REQUIRED`, yaani kudai cheti halali, bila kukagua jina ni kama mlinzi wa getini anayehakikisha kitambulisho ni halali lakini hatazami picha. Mtu yeyote anaweza kupata cheti halali cha kikoa chake mwenyewe bila malipo, akakaa katikati ya mawasiliano, na `CERT_REQUIRED` ikampokea. Tawi la pili likikosa ule mstari wa `match_hostname`, usalama wote umebaki jina tu.

Kusoma makosa yanayosemwa kwa mafumbo

Simu inayopigwa kutoka kwa mteja huwa ya aina moja: "Kaka, mtandao upo, Chrome inafungua, ila mfumo unakataa." Kosa linalotokea kwenye Python 2.7 linafanana na hili:

```
[Errno 1] _ssl.c:510: error:14090086:SSL routines:
SSL3_GET_SERVER_CERTIFICATE:certificate verify failed
```

Maneno `SSL3` hapo hayana maana kwamba SSL 3 inatumika. Ni jina la fankisheni ndani ya OpenSSL, basi. Tatizo ni kwamba ujumbe hausemi cheti kimekataliwa kwa nini. Kuanzia 3.7 eksepsheni ina `verify_code` na `verify_message`, na hapo unaambiwa kinagaubaga: muda wa cheti umeisha, au haujaanza, au aliyekitoa hajulikani, au jina halifanani. Kwenye mashine kongwe inabidi uulize kwa njia nyingine:

```
openssl s_client -connect seva.mfano.co.tz:443 \
  -servername seva.mfano.co.tz -showcerts
```

Usisahau `-servername`. Kwenye OpenSSL za zamani isipotajwa SNI haiendi, na utajikuta unachunguza cheti cha tovuti nyingine.

Tazama sehemu ya `Certificate chain`. Ukiona cheti namba 0 peke yake, bila cha kati kinachokiunganisha na mtoaji anayeaminika, umeshampata mchawi. Aliyesakinisha seva ameweka `cert.pem` badala ya `fullchain.pem`. Vivinjari huficha kosa hili kwa sababu vinajua kukitafuta cheti cha kati au vimeshakihifadhi kutoka tovuti nyingine. Python haitafuti. Dawa iko upande wa seva, na ni kubadili mstari mmoja wa usanidi, kwa hiyo mpigie mwenye seva kabla hujaanza kuchafua msimbo wako.

Makosa mengine kwa haraka. `tlsv1 alert protocol version`: seva inataka TLS ya juu kuliko uliyonayo. `sslv3 alert handshake failure`: mara nyingi SNI haikutumwa, au hamna aina ya usimbaji mnayoijua wote. `wrong version number`, au `unknown protocol` kwenye OpenSSL kongwe: unaongea TLS kwenye poti isiyo ya TLS, kwa mfano umeelekeza 80 badala ya 443, au kwenye barua pepe umeanza TLS moja kwa moja kwenye poti 587 ambayo inasubiri kwanza amri ya STARTTLS. Poti 465 ndiyo inayoanza na TLS.

Jinsi ya kuyakamata makosa hayo nako kuna mtego. Kabla ya 3.7, `ssl.CertificateError`, inayotokea jina lisipofanana, haikuwa mtoto wa `ssl.SSLError`. Ilikuwa mtoto wa `ValueError`. Anayeandika `except ssl.SSLError` kwenye Python 3.5 ataona programu inaanguka siku seva ikibadilishiwa cheti, kwa kosa ambalo kwenye 3.8 linakamatwa vizuri. Ndiyo kazi ya ile `MAKOSA_YA_TLS` mwanzoni mwa faili. Muda wa kusubiri ukiisha nako ni hivyohivyo: Python 3 hutoa `socket.timeout`, Python 2.7 hutoa `SSLError` yenye maneno "timed out" ndani yake. Usipotenganisha, kukatika kwa mtandao wa kawaida kutaandikwa kwenye kumbukumbu kama tatizo la cheti, na mtu atafunga safari hadi Kibaigwa kwa ajili ya bando lililoisha.

```
def muda_umeisha(e):
    return isinstance(e, socket.timeout) or "timed out" in str(e)
```

Kisha kuna ile "dawa" ya `ssl._create_unverified_context` inayonakiliwa kutoka mtandaoni. Mstari huo ukipachikwa kwenye `ssl._create_default_https_context` unazima ukaguzi kwa kila kinachopita kwenye `urllib` na wenzake ndani ya programu, pamoja na maktaba ambazo hukujua zinatumia HTTPS. Wanaoupachika kwa kawaida wamepandisha Python kutoka 2.7.6 kwenda 2.7.9 au zaidi na kusema "sasisho limeharibu mfumo." Halijaharibu. Kabla ya 2.7.9 na 3.4.3, `urllib2` na wenzake hawakukagua cheti hata kidogo, cheti kibovu kilipita kimyakimya miaka yote hiyo. Kama skripti inabeba namba za simu za wateja na miamala, heri isimame kuliko ipite hivyo.

Vyeti vya mizizi, na saa

Faili letu linadai upewe `vyeti`, na sababu ni kwamba ghala la vyeti vya mizizi la mashine kongwe, yaani vyeti vya watoaji ambao mashine inawaamini, haliaminiki. Mfano unaojulikana: cheti cha DST Root CA X3, kilichokuwa kinaibeba Let's Encrypt (watoaji wa vyeti vya bure), kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Mashine zilizokuwa na OpenSSL 1.0.2 zilikataa vyeti halali ingawa zilikuwa na mzizi mpya wa ISRG Root X1 ndani yake, kwa sababu OpenSSL hiyo hufuata kwanza mlolongo uliotumwa na seva hadi kwenye mzizi uliokufa, bila kutazama kama kuna njia fupi zaidi ghalani. Alama ya `VERIFY_X509_TRUSTED_FIRST` ndiyo inayobadili utaratibu huo. Python 2.7.10 na 3.4.4 huiwasha zenyewe zikijengwa na 1.0.2. Kuitaja kwenye `andaa` ni tahadhari tu. Leo mlolongo ule wa zamani haupo tena, kwa hiyo mashine ambayo haina ISRG Root X1 kabisa haina ujanja ila kupewa.

Kuipa ni rahisi. Chukua `cacert.pem` ya `certifi`, kifurushi cha Python chenye vyeti vya mizizi, kutoka mashine mpya, nakili kwenye folda ya programu, elekeza `vyeti` hapo. Ni faili la maandishi la KB 300 hivi, halijali toleo la Python. Kila ukisambaza toleo jipya la programu, sambaza na faili jipya. Ukipitisha `cafile`, `create_default_context` haipakii ghala la mfumo, inaamini faili lako tu. Hiyo ni faida hasa kama seva ni ya kwenu na mna mamlaka yenu ya vyeti: faili linabaki na cheti kimoja, na hakuna mwingine duniani anayeweza kukudanganya. Vyeti vya ndani viandike jina la seva kwenye `subjectAltName`, na wateja wote waunganishe kwa jina hilo, wasiite namba ya IP.

Windows ina kituko chake. Haina mizizi yote tangu mwanzo. Huivuta kimoja kimoja kutoka Microsoft pale programu ya Windows inapokutana nacho. Python husoma vilivyopo tayari na haiombi kingine. Ndiyo maana kwenye Windows iliyosakinishwa upya skripti hukataa, mtu anafungua anwani ileile kwenye Internet Explorer, anarudi, na skripti inakubali. Ukiwa na faili lako mwenyewe uchawi huo hautakuhusu.

Sasa saa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ambayo betri yake ya CR2032 imekufa huamka ikiwa miaka mingi nyuma, na kila cheti kinaonekana "hakijaanza kutumika." Watu hudhani Windows itajirekebisha ikipata mtandao. Haifanyi hivyo: kompyuta isiyo kwenye domeni hukataa kusahihisha saa ikiwa tofauti imezidi saa 15. Weka tarehe kwa mkono kwanza, kisha `w32tm /resync`. Kwenye Linux, `ntpd`, programu ya kusawazisha saa, nayo hujizima tofauti ikizidi sekunde 1000 isipokuwa imepewa `-g`. Na badilisha betri, maana bila hiyo utarudi hapohapo umeme ukikatika tena.

Kuna kosa dogo la huku kwetu la kuweka saa kwa Kiswahili: ni saa mbili asubuhi, mtu anaandika 2:00. Kompyuta imebaki nyuma kwa saa sita. Vyeti vingi havitajali. Lakini Let's Encrypt hurudisha nyuma mwanzo wa cheti kwa saa moja tu, kwa hiyo asubuhi ambayo seva imepata cheti kipya, mashine hiyo moja itakikataa kwa saa tano hivi kisha itapona yenyewe. Jaribu kulitafuta kosa la namna hiyo bila kujua.

Baiti, bafa na kusubiri

Ndani ya soketi husafiri baiti. Python 3 hukataa maandishi ya kawaida hapohapo, Python 2.7 hujaribu kuyageuza kuwa ASCII kimyakimya. Herufi za Kiswahili zote zimo kwenye ASCII, hivyo mambo huenda vizuri mpaka atokee mteja wa Chang’ombe au Ng’ong’ona ambaye jina la mtaa wake limeandikwa kwa simu, na simu ikaweka alama ya ’ iliyopinda. Hapo ndipo `UnicodeEncodeError`. Geuza mapema kwa `.encode("utf-8")`, na hesabu urefu baada ya kugeuza. Alama hiyo ni herufi moja lakini baiti tatu. "Ng’ong’ona" inazo mbili, kwa hiyo ukihesabu `Content-Length` kwa herufi, ujumbe utakatwa baiti nne mwishoni na JSON itakosa mabano yake ya kufungia.

Wanaotumia `select` kusubiri soketi ipate data wana mtego mwingine. TLS hufungasha data kwa mafungu ya hadi baiti 16384. Ukiita `recv(1024)`, fungu zima hufunguliwa, unapewa 1024 na zilizobaki zinakaa kwenye bafa ya OpenSSL. `select` hutazama soketi ya chini, inaona haina kitu, inalala, na data yako iko ndani inasubiri. Kabla ya kurudi kwenye `select`, endelea kusoma mpaka `s.pending()` irudishe 0. Kwenye soketi isiyozuia, `SSLWantReadError` ipo kuanzia 3.3 na 2.7.9, lakini kulinganisha `e.args[0]` na `ssl.SSL_ERROR_WANT_READ` hufanya kazi kwenye matoleo yote. Kuandika kunaweza kudai kusoma kwanza, na kinyume chake, kwa hiyo usidhani `send` itakupa WANT_WRITE peke yake. Na ukirudia `send`, rudia na data ileile.

Kwa upande wa seva nitataja moja tu kwa sababu linaangusha wengi. Usiifunge kwa TLS soketi inayosikiliza. Ukifanya hivyo, mazungumzo ya kukubaliana funguo yanafanyika ndani ya `accept()`, na mteja mmoja akiunganisha kisha akanyamaza, labda yuko kwenye basi mtandao umepotea maeneo ya Gairo, foleni yote nyuma yake imesimama. Pokea soketi tupu, ikabidhi kwa uzi wake, iwekee `settimeout(15)`, ndipo uite `wrap_socket` na `server_side=True`.

Pale Python inapofika mwisho

Mashine iliyokataliwa na faili letu haihitaji msimbo zaidi, inahitaji msaidizi. stunnel hufanya kazi hiyo: skripti kongwe inaongea bila TLS na 127.0.0.1, stunnel inabeba TLS hadi nje.

```
[taarifa]
client = yes
accept = 127.0.0.1:9443
connect = seva.mfano.co.tz:443
CAfile = vyeti.pem
verifyChain = yes
checkHost = seva.mfano.co.tz
```

Bila mistari miwili ya mwisho stunnel haikagui chochote, na watu wengi huinakili bila hiyo. Acha `accept` kwenye 127.0.0.1. Ukiandika namba ya poti peke yake, kila aliye kwenye mtandao wa ofisi anaweza kupita humo. Kama mashine yenyewe ni kongwe mno hata stunnel mpya haipandi, weka stunnel kwenye kompyuta nyingine ya ofisi hiyohiyo na uziunganishe mashine hizo mbili kwa waya wao wenyewe.

Tatizo la kinyume nalo lipo: Python mpya inataka kuongea na kifaa cha zamani kisichojua zaidi ya TLS 1.0. Ubuntu 20.04 na kuendelea zimeweka OpenSSL kwenye kiwango cha usalama cha 2, kwa hiyo kushusha `minimum_version` pekee hakutoshi. Inabidi pia `ctx.set_ciphers("DEFAULT@SECLEVEL=1")`, na kwenye OpenSSL 3 ushuke hadi 0. Tengeneza `ctx` ya pekee kwa kifaa hicho kimoja, kiwe mtandao wa ndani, na usiitumie `ctx` hiyo kwa kitu kingine.

Kupima, tovuti ya badssl.com ina anwani zilizoharibiwa kwa makusudi: `expired.badssl.com`, `wrong.host.badssl.com`, `untrusted-root.badssl.com`, na `tls-v1-0.badssl.com` kwenye poti 1010. Ziendeshe zote nne kwa `unganisha` ukitumia `cacert.pem` ya certifi, kwenye kila mashine halisi. Zote zinatakiwa kushindwa. Ikipita hata moja, simamisha usambazaji. Usitegemee picha za Docker za `python:2.7` kwa kipimo hiki, kwa sababu ndani yake OpenSSL ni mpya kuliko ya mashine unayoiiga, na zitakupa majibu mazuri ambayo Manyoni hayapo.

CentOS 7 iliacha kupokea masasisho tarehe 30 Juni 2024. Ya mwisho ikizimwa kwenye orodha yako, na hakuna Python 2 wala 3.3 iliyobaki, futa tawi la `elif`, mstari wa `match_hostname` na ile fankisheni ya `muda_umeisha`. Kitanzi cha `OP_NO` kiache mpaka uhakikishe hakuna 3.6 iliyojificha mahali. Mara nyingi ipo.